Pima Damu Kabla ya Kujaza Kikapu: Wito kwa Majirani wa Kimironko

Majirani zangu wa Bibare, Kibagabaga na Nyagatovu, na ninyi mnaoshuka kwenye gare yetu ya mabasi kila alfajiri na magunia yenu, naomba mnisikilize kidogo.

Sokoni kwetu chakula kinajaa macho. Ukiingia upande wa mboga saa mbili asubuhi utakuta dodo, mchicha wetu, zimefungwa mafungu, bado zina umande. Sombe iliyokwisha kutwangwa imerundikwa kama vichuguu. Nyanya, karoti, maparachichi, ibinyomoro vilivyoiva vyekundu. Indagara, yaani dagaa, zilizokaushwa, na maharagwe ya kila rangi kwenye magunia yaliyofunguliwa midomo. Mgeni akipita pale atasema watu wa mtaa huu wanakula vizuri. Hata mimi niliamini hivyo miaka yote niliyokuwa mteja wa soko lile. Siku moja nikaketi nyuma ya meza ya mama anayeniuzia mboga, nikimsubiri aende kutafuta chenji. Aliporudi alifungua chakula chake. Ilikuwa saa tano na nusu. Kikombe kikubwa cha chai, sukari vijiko vinne, maandazi mawili. Nikamuuliza mchana atakula nini. Akaniambia, "Nikifika nyumbani." Nyumbani anafika saa moja usiku. Mboga zilizonyauka zisizopata mnunuzi ndizo anazowapikia watoto, na yeye hula kidogo kilichobaki, halafu chai tena.

Nikamuuliza kama amewahi kupima damu kujua mwili wake una nini na umekosa nini. Akanishangaa. "Dada, sijaugua."

Jibu lile limekaa nami tangu siku hiyo, kwa sababu ndilo nililokuwa nikilitoa mimi mwenyewe.

Miaka mitatu iliyopita, nikitoka gare kupanda kwenda nyumbani Bibare, nilikuwa nikisimama mara tatu njiani na kujifanya natazama simu. Moyo ulidunda kama nimebeba gunia. Nywele zilibaki kwenye kitana. Nilianza kutamani udongo, ule wenye harufu ya mvua ya kwanza, na niliona aibu kumwambia mtu. Nikasema ni umri. Shemeji yangu akasema ni mawazo. Duka moja la dawa likaniuzia sharubati nyekundu ya kuongeza damu, chupa baada ya chupa kwa miezi minne, na hakuna hata mmoja pale aliyenichoma kidole. Nilifunga choo, uchovu ukabaki palepale. Nilipofika kituo cha afya, tena kwa jambo jingine kabisa, muuguzi alinivuta kope ya chini, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akanituma maabara kabla sijamaliza kujieleza. Wingi wa damu ulikuwa 8.7. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba chini ya 12 ni upungufu.

Na chanzo hakikuwa sahani yangu. Kilikuwa uvimbe kwenye kizazi, na hedhi ya siku tisa ambayo nilikuwa nimeizoea kiasi cha kutoitaja kwa yeyote. Miezi minne yote nilikuwa nachota maji kwa pakacha.

Siwaelezi haya mnihurumie. Nimetibiwa, na mlima wa Bibare naupanda bila kusimama. Nawaeleza kwa sababu kila ninapokaa sokoni naona kope nyeupe. Naona akina mama wanaoegemea nguzo saa tisa alasiri, vijana wanaolala juu ya mashine za kushonea, na wote wana jibu lilelile. Ombi langu ni hili: tupime damu tukiwa bado tunatembea, tujue miili yetu inataka nini, ndipo twende na kikapu.

Wengi wanadhani kipimo cha damu ni kitu kimoja, kwamba unatoa damu na unaambiwa mgonjwa au mzima. Sivyo. Cha kwanza na cha bei nafuu kuliko vyote ni wingi wa damu, yaani himoglobini, inayoandikwa Hb kwenye karatasi. Ndiyo inayobeba hewa kutoka mapafuni kwenda kila kona ya mwili. Tone moja la kidole linatosha kuipima. Ikipimwa maabara pamoja na hesabu kamili ya damu, karatasi itaonyesha pia ukubwa wa chembe zenyewe, na hapo pana habari ambayo watu wengi huiruka. Chembe zikiwa ndogo kuliko kawaida, mara nyingi mwili umekosa madini ya chuma. Zikiwa kubwa kupita kiasi, mtu wa maabara ataanza kufikiria vitamini B12 au foleti. Watu wawili wana uchovu uleule na kizunguzungu kilekile, na mmoja anahitaji kitu tofauti kabisa na mwenzake. Hakuna jirani anayeweza kuliona hilo kwa macho, hata awe na hekima kiasi gani.

Kisha kuna ferritini. Himoglobini ni chakula kilicho mezani, ferritini ni ghala. Mama wa nyumba anajua kwamba watu wanaweza kushiba leo huku debe la maharagwe limebaki na vumbi chini. Mwili nao ni hivyo: hutumia akiba ya chuma mpaka iishe, na wingi wa damu hubaki mzuri kwa muda, halafu unaanguka. Kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine, ferritini chini ya 15 inamaanisha ghala ni tupu. Ila kipimo hiki kina ujanja wake. Ukiwa na homa, kidonda au uambukizo wowote, ferritini hupanda na kuonyesha ghala limejaa wakati halina kitu. Ndiyo maana daktari makini atakuuliza kwanza kama ulikuwa na homa wiki hizo, au ataagiza kipimo cha pili cha kuonyesha kama mwili una uambukizo.

Na sisi watu wa milimani tuna jambo letu wenyewe. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na mwili hujilinda kwa kutengeneza himoglobini zaidi. Kwa hiyo mwanamke wa Mombasa mwenye 12.2 na mwanamke wa Kimironko mwenye 12.2 hawako sawa. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba kwa mtu anayeishi kwenye mwinuko kama wetu himoglobini yake ipunguzwe angalau nusu gramu kabla ya kuamua. Yule wa Mombasa yuko salama; wa kwetu ameshavuka mstari bila kujua. Ukipewa karatasi yako, uliza: hii imehesabiwa kwa mwinuko wa Kigali? Ni swali la haki, na muuguzi mzuri hatakasirika.

Kama mnadhani nakuza mambo, twendeni Huye. Mji ule zamani uliitwa Butare, jina linalofanana na ubutare, neno la Kinyarwanda la madini ya chuma. Kwenye chuo kikuu pale watafiti waliwachukua wanafunzi wa kike 195, wenye umri wa miaka 18 hadi 27, ambao damu yao ilionyesha ghala la chuma limepungua. Hawa hawakuwa wagonjwa. Walikuwa darasani, wanaandika mitihani, wanacheka. Nusu yao walilishwa maharagwe ya kawaida, nusu nyingine maharagwe yaliyozalishwa kwa kuchagua mbegu zenye chuma kingi, yale ambayo taasisi yetu ya kilimo na wenzake wa mpango wa HarvestPlus walianza kuwagawia wakulima wa Rwanda mwaka 2010. Maharagwe ya kawaida yalikuwa na chuma miligramu 50 kwa kilo. Hayo mengine 86. Walikula hivyo kila siku kwa siku 128.

Siku 128 hizo zina maana yake. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kisha hufa na nyingine huchukua nafasi yake. Kwa hiyo mwisho wa jaribio kila mwanafunzi alikuwa na damu mpya karibu yote, iliyojengwa kwa kile alichokula katika miezi ile minne. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Waliokula maharagwe yenye chuma kingi walipandisha himoglobini na kujaza ghala kuliko wenzao. Mwaka uliofuata ukaja utafiti mwingine juu ya wanafunzi haohao: kumbukumbu na umakini wao pia vilipanda. Maharagwe, jamani! Chakula ambacho hakuna nyumba ya Rwanda isiyokijua. Kilichowatofautisha na sisi ni kwamba wao walipimwa mwanzo na walipimwa mwisho, hivyo walijua ghala lao lilikuwa tupu na walijua lilipojaa. Sisi tunakula maharagwe yetu gizani.

Sasa nisikilizeni vizuri zaidi hapa, hasa wenye watoto wadogo. Upande wa pili wa jambo hili tulifundishwa na Pemba, na somo lilikuwa la uchungu. Miaka ya mwanzo ya 2000, kisiwani kule, zaidi ya watoto 24,000 walio chini ya miaka mitatu waliingizwa kwenye utafiti mkubwa. Baadhi walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku, kwa nia njema kabisa, kwa kuwa upungufu wa damu ulikuwa umeenea. Mwaka 2003 ilibidi watoto wale waachishwe chuma kabla utafiti haujaisha. Pemba ya wakati ule ilikuwa na malaria kali, na watoto waliopewa chuma walilazwa hospitali au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wasiopewa. Taarifa ilitoka mwaka 2006 na ikabadilisha miongozo ya dunia nzima. Lakini ndani ya taarifa hiyohiyo kulikuwa na kundi dogo la watoto waliopimwa damu mwanzoni na kufuatiliwa kwa karibu, wakitibiwa malaria kila ilipojitokeza. Kati ya hao, wale ambao damu ilionyesha kweli wamekosa chuma walifaidika nacho.

Chuma kilikuwa kilekile na kisiwa kilekile. Aliyekosa kilimfaa, aliyekuwa nacho tayari, katika mazingira yale ya malaria, kilimwelekeza kwenye hatari. Kwa hiyo unapomnunulia mtoto sharubati ya damu dukani kwa sababu jirani amesema amepauka, kumbuka Pemba. Sisemi muache vidonge ambavyo mama mjamzito hupewa kliniki, wala unga wa virutubisho ambao wahudumu wa afya huwapa watoto wetu. Hivyo vina utaratibu na vina watu wanaovifuatilia, tumieni kama mlivyoelekezwa. Ninachokataza ni kujitibu kwa kubahatisha.

Na pale ambapo damu imekutwa imepungua, msikubali habari iishie kwenye "kula mboga". Ulizeni damu inakwenda wapi. Kwa mwanamke yaweza kuwa hedhi, kama mimi. Kwa mtoto yaweza kuwa minyoo au malaria, au selimundu aliyozaliwa nayo. Na mwanamume mzima akikutwa na chuma kidogo, hilo ni jambo la kuchunguzwa tumboni, kwa sababu mwanamume hapotezi damu kila mwezi. Mara nyingi kuna mahali inavuja polepole bila kuonekana, kwenye kidonda cha tumbo au mahali pabaya zaidi. Kaka zangu, msione haya kulifuatilia.

Nikiwa bado na akina kaka: ndugu zangu mamotari mnaosubiri abiria pale nje ya soko, mnaokula chapati kwa soda juu ya tangi la pikipiki, wito huu ni wenu pia. Kwenu kipimo cha kwanza ni sukari, na tarakimu zake ni rahisi. Ukipima asubuhi kabla ya kula wala kunywa chochote isipokuwa maji, baada ya kufunga saa nane, chini ya miligramu 100 ni salama. Ukifika 126 na kipimo kikirudiwa kikasema hivyohivyo, hicho ni kisukari. Kati ya hizo mbili ndipo penye nafasi ya kujiokoa kwa chakula na kutembea. Kisukari hakipigi hodi. Mtu hukaa nacho miaka akiendesha abiria, mpaka siku macho yanapoanza kuona ukungu.

Turudi kwenye upungufu wa damu: tunajua kiasi gani kuhusu nchi yetu? Tunajua, kwa sababu watu walikubali kuchomwa kidole nyumbani kwao. Utafiti mkuu wa afya na idadi ya watu wa 2019 na 2020 ulikuta asilimia 37 ya watoto wa Rwanda wenye umri wa miezi sita hadi chini ya miaka mitano wana upungufu wa damu. Kwa wanawake wa umri wa kuzaa, asilimia 13, kutoka 19 miaka mitano iliyotangulia. Nafurahia hatua hiyo ya wanawake kwa moyo wote. Ile 37 ya watoto inaninyima usingizi. Ukiwaona watoto watatu wakicheza mpira wa karatasi kwenye kichochoro chetu, hesabu mwenyewe.

Najua kwa nini watu hawaendi. Nimewasikiliza. Wengine wanaogopa kwamba damu ikishatoka itapimwa virusi vya UKIMWI kwa siri. Kipimo hicho huulizwa, na wewe ndiye unayekubali au kukataa. Karatasi ya wingi wa damu haisemi lolote kuhusu hilo. Wengine wanasema, damu yangu ni kidogo, mnainyonya tena? Chupa ya maabara huchukua mililita chache, kijiko kimoja cha chai, na mtu mzima ana lita tano hivi. Wengine wanaogopa gharama, na hapa lazima niseme jambo lililo mikononi mwetu. Mwenye mutuelle, bima yetu ya afya, kwa miaka mingi sasa amekuwa akilipa faranga 200 akifika kituo cha afya, na asilimia 10 ya gharama akipelekwa hospitali. Kituo cha afya cha Kimironko kipo hapahapa, hospitali ya Kibagabaga ipo ndani ya sekta yetu. Kati yetu wapo wanaopanda ndege kwenda nchi nyingine kutafuta vipimo ambavyo mama wa sokoni angeweza kuvipata kwa kutembea dakika 20. Anza na muuguzi wa kituo. Mweleze uchovu wako bila kuuficha, mweleze hedhi, mweleze unachokula. Yeye ndiye wa kuamua kipimo gani kinakufaa.

Nasema hivyo kwa sababu kuna upande mwingine wa kupoteza. Wapo wanaouza vifurushi vya vipimo 30 kwa mara moja, na mtu anatoka na karatasi ndefu asiyoielewa na mfuko mtupu. Wapo pia wenye vimashine vya kushika kiganjani, bila hata tone la damu, ambavyo hutoa orodha ya vitamini ulizokosa na, palepale mezani, wanakuuzia vidonge vya kuzijaza. Kiganja hakisomi vitamini. Iweke fedha yako mfukoni.

Na damu nayo haisemi kila kitu. Kalsiamu ya damu inaweza kuwa sawasawa huku mifupa inaliwa, kwa maana mwili huiba kutoka kwenye mfupa ili damu isipungukiwe. Madini joto hupimwa kwenye mkojo. Na mtoto anayedumaa au kukonda utamjua kwa kipimo cha urefu na uzito, na ule utepe wa rangi anaozungushiwa mkononi na mjyanama w'ubuzima, mhudumu wa afya wa mtaani, kabla ya sindano yoyote. Kwa hiyo mtoto aende kupimwa uzito kila mwezi, hata kama damu yake juzi ilikuwa nzuri.

Ukishapata karatasi yako, rudi sokoni. Hapo ndipo kikapu kinapopata akili. Aliyekosa chuma asogeze chai yake mbali na chakula, saa moja au mbili, kwa sababu chai hukifunga chuma cha maharagwe na mboga kisiingie mwilini. Yule mama yangu wa mboga, maskini, alikuwa anakunywa chai kabla, wakati na baada. Maharagwe yalowekwe usiku kucha na maji yale yamwagwe. Pembeni ya sahani pawe na kitu kichachu, ndimu, chungwa, maracuja, hata nyanya mbichi, kwani vitamini C hufungua mlango ambao chai iliufunga. Kiganja cha indagara kwenye dodo, na vichwa vyake visitupwe. Maini, mara moja moja, kama mfuko unaruhusu. Vyote hivyo viko ndani ya ukuta mmoja. Baada ya miezi mitatu hivi, urudi upimwe tena. Wanafunzi wa Huye walingoja siku 128. Na sisi tunaweza.

Sasa nageukia wenye nafasi. Viongozi wa ushirika wa soko, wakuu wa midugudu, yaani vijiji vyetu, wajyanama wetu wa afya mliochaguliwa na majirani zenu wenyewe: tayari mnachoma vidole vya watoto wetu kupima malaria, na watu wanawafungulia milango. Tayari kuna igikoni cy'umudugudu, jiko la pamoja ambapo akina mama hupikiana na kufundishana mlo wa watoto. Na Jumapili za siku bila magari, tangu zilipoanza mwaka 2016, watu wanaokimbia na kutembea barabarani hupimwa sukari na presha bure. Mambo hayo matatu hayajakutana sokoni Kimironko, na muuza mboga hawezi kuyafuata. Akifunga meza siku nzima, siku hiyo watoto hawali. Jumapili ndiyo siku yake ya wateja wengi. Mtu ambaye chakula cha mji mzima kinapita mikononi mwake ndiye asiyepata saa moja ya kujua hali ya mwili wake.

Naomba meza moja. Meza moja ya kupima wingi wa damu na sukari, asubuhi moja kila mwezi, ndani ya soko, karibu na lango la mboga, kabla wateja hawajajaa. Awepo muuguzi mmoja na mjyanama mmoja anayejua Kiswahili, maana kati yetu wapo waliotoka Bukavu, Bujumbura na Kigoma, na tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii; mtu ana haki ya kuelezwa damu yake kwa lugha anayoielewa. Majibu yapewe mtu mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, pembeni. Atakayekutwa chini ya mstari aandikiwe kwenda kituoni, na jirani wa meza amwangalizie biashara yake saa atakazokuwa huko. Wenye mashine za kushonea kule pembeni, najua mtashona pazia la kuzungushia bila kudai malipo. Mmenishonea mengi, nawajua.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, umuganda, kazi yetu ya pamoja, ukiisha na tukiketi kwenye mkutano wa mudugudu, nitasimama nilisome ombi hili. Nimeliandika kwenye karatasi moja, upande mmoja Kinyarwanda, upande mwingine Kiswahili, na nafasi ya saini chini. Saini ya kwanza ni ya yule mama wa mboga. Alienda kupima wiki iliyopita, saa moja asubuhi, kabla ya kufungua meza. Tulimshikia nafasi, mimi na mpwa wake. Karatasi yake ilisema 10.1. Ameanza kunywa chai saa kumi jioni, peke yake, bila chakula, na ananiambia ina ladha tofauti. Njooni na kalamu.